Casserole ya Kimexico isiyo na nyama, na mama mkwe aliyekuwa anataka kurudi Isingiro

Wakuu, heshima kwenu, na wale wa "fupisha mkuu" nawasalimia pia ingawa leo sitafupisha.

Hii siyo chai, ni kweli tupu. Imetokea jikoni kwangu Bugene, Karagwe, na mashahidi wangu wawili wadogo mpaka leo wanauliza kama kuna kilichobaki kwenye sufuria.

Nijitambulishe kidogo. Mimi ni Mhaya wa Muleba, nina duka la pembejeo Kayanga mjini, familia ipo Bugene. Najua kupika. Sijifunzi, najua. Mtasema nshomile ameanza majivuno yake ya Kihaya, sawa, nimeanza. Enzi za ubachela Mwanza wenzangu walikuwa wanalala na mkate na soda, mimi majirani walikuwa wananigongea mlango na sahani mkononi.

Mke wangu ni nesi. Kipindi hicho alipangiwa shift ya jioni mfululizo, na dada aliyekuwa anatusaidia kazi alikuwa ameshaolewa. Kwa hiyo chakula cha usiku kikawa changu, na sikuona shida yoyote.

Shida ilikuja na mama mkwe.

Mama ni Mnyambo, anaishi peke yake kule Isingiro, Kyerwa. Alikuwa anaangusha mkungu wa ndizi, akateleza, mkono wa kulia ukavunjika. Akafungwa hogo, ile plasta ngumu, kuanzia vidoleni mpaka juu ya kiwiko. Mtu wa mkono mmoja hawezi kumenya ndizi, hawezi kuchota maji, hawezi kuwasha kuni. Tukamchukua akae kwetu mpaka mfupa uunge.

Sasa wakuu, wale wa mikoa mingine naomba mnielewe hapa. Kwa watu wa umri wake, mama mkwe na mkwe wa kiume hawali pamoja. Kwenye ukoo wao wanalishika hili kuliko majirani zao. Akinikuta sebuleni anageukia ukutani. Akiwa na neno kwangu anamtuma binti yangu Kemi, wa miaka tisa, hata kama mimi nipo hapo hapo nasikia kila kitu.

"Kemi, mwambie baba yako mvua inakuja, aanue nguo."

Na mimi namjibu kupitia Kemi. Mtoto amekuwa posta.

Na kula chakula kilichopikwa na mkwe? Hilo nadhani hata halikuwahi kutangazwa kama mwiko, maana hakuna mzee aliyewahi kufikiria kwamba mkwe anaweza kuingia jikoni.

Mchana hapakuwa na tatizo. Mke wangu anapika kabla hajaenda kazini, mama anakula vizuri. Ikifika jioni napika mimi, Kemi anampelekea bibi yake chumbani, sahani inarudi kama ilivyokwenda.

"Bibi amesema nikwambie anashukuru, ameshiba."

Ameshiba nini? Na dawa za maumivu za usiku anazimeza tumbo tupu!

Mke wangu akajaribu kumwachia ndizi kwenye hotpot. Ndizi zilizokaa humo tangu mchana, kwa Mnyambo hiyo siyo karamu, ni adhabu. Mama akaonja kwa heshima ya binti yake, akafunika.

Halafu akapiga simu kwa mwanawe, shemeji yangu, aje na gari Jumamosi amrudishe Isingiro.

Asubuhi nilimkuta mke wangu amekaa kwenye ngazi ya jikoni analia. "Kule atamenyewa ndizi na nani, Baba Kemi? Mkono utaunga vibaya, nitajilaumu mimi."

Nikamwambia niachie mimi. Sikuwa na mpango wowote, wakuu, lakini nilisema kwa sauti ya mtu mwenye mpango.

Na tulikuwa kwenye Kwaresima. Mama ni Mkatoliki wa kweli kweli, Kwaresima nzima nyama haigusi. Yaani silaha yangu kubwa, mchuzi wa nyama uliolala jikoni tangu saa nane, ilikuwa imeshanyang'anywa.

Siku hiyo, Jumatano, dukani wateja walikuwa wachache, nikawa naperuzi simu. Nikakutana na video ya mama mmoja anapika casserole ya Kimexico isiyo na nyama. Kwa ambaye hajawahi kuiona, ni chakula cha kupanga: chini wanatandika tortilla, vile vichapati vyao vyembamba vya mahindi, juu yake maharage yaliyoungwa, mahindi, nyanya, halafu tabaka jingine, mwisho kabisa jibini, kinaokwa mpaka juu kiwe kahawia. Kinachotwa kwa kijiko.

Nikasema, maharage tunayo. Mahindi mabichi tunayo. Nyanya, hoho, parachichi, hivyo ndivyo vinatuzunguka. Mexico wanatushinda nini?

Jibini ndiyo sikuipata. Nikanunua mtindi mzito, nikauning'iniza kwenye kitambaa safi mpaka maji yakatoka, nikaupiga na mayai mawili na chumvi. Wakuu, jaribuni hiyo kitu. Ikiiva inashika juu kabisa na ina kauchachu fulani ka heshima.

Bizari nyembamba nikaipata kwa mzee mmoja mwenye duka la viungo pale mjini, asili yake Tanga. Aliniuliza nina pilau la sherehe? Nikamwambia hapana, nina mama mkwe. Akanipimia na nyongeza.

Sasa nikafanya kosa.

Nikajiambia, mtu wa huku huwezi kumpa kitu kisicho na ndizi ukakiita chakula. Ukimlisha wali bakuli zima, akitoka hapo anakwambia leo hajala. Nimekulia humo, najua. Basi badala ya tortilla nikatandika ebitoke. Nikachemsha ndizi, nikazikata vipande vya kubonyea, nikapanga chini, maharage juu, ndizi tena, maharage tena, mtindi wangu juu. Nikaweka mfuniko na makaa juu yake kama tunavyooka keki za nyumbani.

Ilitoka nzuri. Sitajishusha hapa. Kemi alirudia, mdogo wake alirudia, mimi sisemi.

Nikamjazia mama bakuli. Kemi akalibeba, mimi nikabaki koridoni natega sikio.

"Bibi, karibu chakula."

"Amepika nani?"

"Baba."

"Ni ebitoke?"

"Ndiyo Bibi, na vitu vingine vingi."

"Mwambie baba yako nashukuru sana waitu. Nimeshiba."

Niliumia wakuu. Wacha niseme ukweli niliouahidi. Mawazo yakaanza kunipeleka mbali. Wakati naoa kulikuwa na kijana wa kwao Kyerwa aliyekuwa anapigiwa debe pale nyumbani. Nikasema kumbe mama hajawahi kunikubali. Kumbe mkono wangu anaudharau, na heshima yote ile ya kugeukia ukuta ni ya kunikwepa tu. Nilikula lile bakuli lake kwa hasira, na lilikuwa tamu, hilo ndilo lililonikera zaidi.

Alhamisi nikarudi jikoni. Safari hii sikuwa namfikiria mama tena, nilikuwa natetea jina langu. Nikajiambia kosa ni kuingilia recipe ya watu. Mmexico hajatandika ndizi, wewe nani uzitandike? Nikafuata video ilivyo, tofauti ni kwamba tortilla hakuna, nikasukuma chapati nyembamba za unga wa ngano nikazikausha bila mafuta mengi.

Maharage nilikuwa nimeyachemsha asubuhi. Nikakaanga vitunguu, saumu, hoho, nyanya nyingi mpaka zikawa rojo, bizari nyembamba, pilipili kidogo kwa ajili ya watoto. Mahindi mabichi nikayapukuchua humo. Chapati, maharage, chapati, maharage, mtindi juu, mfuniko, makaa.

Mvua ilikuwa inanyesha na ile baridi yetu ya Karagwe mnaijua. Banda langu la jiko limeungana na mlango wa nyuma, kwa hiyo joto lote lipo hapo. Mama akatoka chumbani, akaketi mkekani pale mlangoni, amejifunika khanga, hogo lake mapajani. Nikampa mgongo kama inavyotakiwa, nikaendelea na jiko langu.

Nilipofunua, harufu ikajaa banda zima. Nikapakulia watoto, nikaweka parachichi juu, limau, giligilani. Kemi akachukua bakuli lake akaenda kuketi mkekani na bibi yake.

Nasikia nyuma yangu:

"Kemi, ndizi ziko wapi?"

"Hakuna ndizi leo, Bibi."

"Ni ugali?"

"Hapana."

"Wali?"

"Hapana Bibi, ni hiki hiki tu. Ni cha Mexico."

"Huko ni kwa nani?"

"Ni mbali. Wanaendaga kwa ndege."

Mama akasema taratibu, kama hakimu anayesoma hukumu, "Kumbe leo baba yako hajapika chakula."

Nilikaribia kuangusha mwiko wangu wa kupikia. Nikasema moyoni, sasa huyu mama ananitukana waziwazi.

"Lete nionje hicho kitu," akasema.

Wakuu, nikasikia kijiko kinagonga bakuli. Sikugeuka. Niling'ang'ania kukoroga sufuria ambayo haikuwa na cha kukorogwa. Kijiko kikagonga tena. Kikagonga tena. Kemi akaanza kulalamika kwamba bibi anamalizia chake.

Halafu ujumbe ukatumwa, "Mwambie baba yako hiki kitu chake pilipili haijatosha."

Nikajaza bakuli la pili, nikaongeza pilipili, nikampa Kemi. Likarudi tupu. Likaenda la tatu. Mtu na hogo lake, anakula kwa mkono wa kushoto, mbele ya mgongo wa mkwe wake, na anakula mpaka anahema.

Nikampigia mke wangu kazini. "Mama amekula!"

"Amekula nini?"

Nikamweleza mwanzo mwisho. Nikamwambia na lile neno kwamba sijapika chakula, maana lilikuwa bado linanichoma.

Mke wangu akacheka mpaka nikasikia mtu anamuuliza kama yupo salama. Akasema, "Baba Kemi, wewe ulimpikia ebitoke! Ebitoke ndiyo chakula. Mama hawezi kula chakula cha mkwe hata afe. Hicho cha leo kwake siyo chakula. Ni kitu tu. Hakuna mzee aliyewahi kuweka mwiko juu ya kitu cha Mexico."

Nilikaa chini.

Yaani juhudi zangu zote za kukipa heshima ya chakula ndizo zilikuwa zinamfungia mlango. Ningempikia ndizi mpaka Pasaka na angelala njaa mpaka Pasaka.

Ijumaa nilikirudia, na pilipili ya kutosha. Kabla sijafunua sufuria mama alikuwa ameshaketi mkekani.

Jumamosi asubuhi shemeji akafika na pickup, tandiko nyuma limeshapangwa. Tulikuwa barazani. Mke wangu amekunja mikono. Mimi nimesimama pembeni nimeangalia bustani ya mchicha.

Shemeji akamwamkia mama, shikamoo na salamu zote za nyumbani, kisha akasema, "Mama, tuondoke kabla ya jua."

"Nani anaondoka?"

"Si ulinipigia wewe? Ulisema hapa hukai."

Mama akajiweka sawa kwenye kiti chake. "Nilipiga kwa sababu niliona nitashindwa. Njaa ingenizidi, nile chakula kwa mkono wa mkwe wangu, nimvunjie heshima ndani ya nyumba yake. Nikasema bora niondoke kabla sijamfanyia hivyo. Sasa nipo hapa, sijala chakula chake hata kimoja, na nimeshiba. Nitaondokaje?"

Shemeji akanitazama mimi, akamtazama dada yake. Hakuelewa kitu. Akanywa chai, akapitia dukani kwangu Kayanga akapakia mifuko miwili ya mbolea, akarudi Isingiro peke yake.

Mimi nilienda nyuma ya banda la jiko nikasimama huko kwa muda. Nilikuwa nalia wakuu, mwanaume mzima.

Somo nililolipata ni hili. Jioni zote zile nilizomwona mama anarudisha sahani, nilidhani ananidharau. Kumbe alikuwa analala na njaa, na mkono umevunjika, kwa ajili ya kunilindia mimi heshima yangu. Na mimi nilikuwa namnunia. Kabla hujakasirikia sahani iliyorudi, uliza kwanza imerudi kwa nini, ila usiulize kwa hasira kama nilivyotaka kuuliza mimi.

Wenye mama mkwe nyumbani, nyie mnafanyaje? Na yule fundi wa jikoni atakayeniambia casserole bila jibini siyo casserole, aje tu, ila aje na njaa. Ushauri wa namna ya kupunguza pilipili bila mama kujua nao naupokea, maana watoto wameanza kuandamana.