Sahani Yenye Vijiko Viwili

Msuka vikapu alikuwa na miaka arobaini na akili ya taratibu. Karakanani kwao alikuja muuguzi kupima wanachokijua kuhusu lishe na mazoezi. Maswali ya mazoezi aliyajibu yote bila kubabaika. Kisha akawekewa picha mbili za sahani, ya mboga na ya chipsi.

“Kaka, ipi nzuri kwako?”

Akagusa chipsi.

“Ala! Mboga huzijui?”

“Tunajuana sana, dada. Tangu mama afariki, mezani ni mimi na mboga tu. Lakini hii ina vijiko viwili.”

Muuguzi akaiinamia picha; kweli, vijiko vilikuwa viwili. Karatasi yake haikuwa na nafasi ya jibu hilo. Akatia alama ya kosa, akamwita anayefuata.