Saa Tuliyoiita Mwami

Enzi zetu pale mtaani kwetu Mapendo, saa ya mkono haikuwa kitu cha kuokota sokoni kama leo. Mtu mzima aliyekuwa nayo alikunja mkono wa shati hata asubuhi ya baridi, na ukimsalimia alijikuna shavu kwanza ili uione. Baba yetu hakuwa na moja. Alikuwa na kopo zima la biskuti, lililotandikwa kitambaa cha sufu, na ndani yake zimelala krono tupu: saa za Uswisi za zamani, zenye visaa vidogo ndani ya uso na vitufe viwili pembeni, kimoja cha kuutuma mshale wa sekunde mbio, kingine cha kuurudisha.

Papa, ndivyo tulivyomwita, alikuwa mfanyabiashara wa maharage kutoka Butembo. Akienda kununua mzigo Rutshuru au Masisi, alilala kwa wazee waliowahi kuwapikia wazungu wa mashamba ya kahawa, maana wazungu wale waliondoka wakaacha vitu. Alirudi na saa imefichwa ndani ya soksi, na Mama akajua kuna mbuzi amebaki huko kuilipia. Moja ilikuwa na kidirisha cha mwezi, na mwezi wenyewe una macho na mdomo. Fundi mmoja alitoka Bukavu kuja kuitazama tu, akanywa chai, akaondoka akitikisa kichwa kwa kuwa hajawahi kuona nyingine. Vijana wa chukudu, vile vigari vya mbao vya kubebea mizigo, waliposhindana kushuka mteremko wa Munigi, walimwita Papa awapime kwa krono. Alisimama kando ya barabara amevaa koti la misa, kidole juu ya kitufe, na hakuna aliyembishia.

Ila sisi watoto hatukujali mwezi wala mbio. Tuliipenda iliyolala juu ya zote, ya dhahabu, inayong'aa hata mawingu yakishuka. Tuliiita Mwami, yaani mfalme.

Na hapa ndipo wivu wangu ulipozaliwa. Kwetu Wanande jina ni foleni. Ukiitwa Kambale kama mimi, hata kipofu anajua kuna Paluku mbele yako. Kaka yangu Paluku alikula kichwa cha samaki wa Vitshumbi, mimi nikala hadithi yake. Yeye alivaa suruali mpya, mimi nikaikuta imechoka magoti. Hayo niliyameza. Lakini kila Jumapili baada ya misa, nyumba ikinuka sombe ya majani ya muhogo, Papa alifungua kopo na kututia kazini: mimi nilizitia ufunguo zile saa nyingine, zenye mikanda ya ngozi iliyopasuka, na Mwami aliishika Paluku peke yake. Aliizungusha taratibu, macho kafumba kama padri.

"Papa, na mimi leo," nilisema kila mara.

"Paluku njo mukubwa," Papa alijibu. "Weye subiri."

Wageni walicheka walipoona ninavyoikodolea macho. Mama alisema nitaitoboa.

Kisha wakimbizi kutoka ng'ambo ya mpaka wakajaa. Munigi ikafunikwa na mahema na moshi, na barabarani watu walitembeza redio, viatu na saa walizovuliwa na njaa. Tulidhani kopo la Papa litafurika. Hakununua hata moja. "Saa mutu anauzisha juu ya njaa, hautaivala na amani," alisema, akawapa maharage bila kuchukua kitu. Mimi nilinuna, maana nilishahesabu kwamba moja ya hizo ingekuwa yangu.

Vita navyo havikukawia. Asubuhi moja mabomu yalianguka karibu, na Papa akasema tunashika njia ya Sake. Kila mtu akapewa mzigo. Mimi nilipewa kigunia cha maharage, kamba kwenye paji la uso kama wanavyobeba mama zetu, na wavulana wa jirani wakanicheka katikati ya mabomu. Paluku hakubeba kitu kizito. Papa alimfunga Paluku ile Mwami mkononi, akamnong'oneza neno sikioni. Nilitembea nyuma yake njia nzima juu ya mawe makali ya volkano, shingo inauma, macho yangu hayatoki kwenye mkono ule. Niliomba saa ianguke. Namwomba Mungu anisamehe, nilikuwa mtoto.

Kwenye kizuizi askari alitusimamisha. Akatutazama mmoja mmoja, akageuka kwa Paluku.

"Leta ile kintu!"

Akaivuta, akampiga Paluku kofi, akaanza kuivaa palepale huku akicheka. "Pitani, pitani!" Kigunia changu hakukigusa. Mama alilia. Mimi nilikuwa na uchungu na furaha kwa pamoja, na nikaona wivu hata kwa lile kofi, kwa jinsi Mama alivyomkumbatia.

Tulipofika Sake, Mama alimwaga maharage kwenye lungo ayachague. Zikadondoka soksi. Krono zote zilikuwa humo, na ile ya mwezi bado inatembea. Nilimgeukia Paluku nikitaka aone nani alibeba mali ya nyumba hii. Yeye alikuwa anatafuna hindi.

"Nilijua," akasema. "Mwami ni mufu tangu zamani. Haiko na kitu ndani. Nilikuwa nazungusha hewa tu."

"Nani alikuambia?"

"Papa."

Miaka yote ile! Nilikaa chini nikalia kuliko nilivyolia kwa mabomu.

Papa alipozeeka nilimwuliza kwa nini hakuniambia na mimi. Alicheka mpaka akakohoa. "Kambale, mwanangu, kama ungejua, ungeacha kuiangalia. Ule askari hakuona saa. Aliona macho yako, akayafuata." Akanishika mkono. "Paluku nilimupa siri. Weye nilitumia wivu yako."

Papa sasa amelala Butembo. Siku ya kugawana urithi, Paluku alisukuma kopo upande wangu: "Chukua zote. Weye njo ulizibeba." Ninazo hadi leo. Nina kila kitu, naye Paluku yuko kule Butembo na duka lake la samaki, na bado namwonea wivu kwa neno lile la sikioni.

Vijana wa siku hizi wanavaa masaa mapana kama kifuniko cha sufuria, yana mishale minne na hakuna hata mmoja unaotembea. Saa wanatazama kwenye simu. Kila Jumapili baada ya misa nafungua kopo mezani, natia ufunguo, na ile ya mwezi naivaa nikiwa nimekunja mkono wa shati. Najikuna shavu. Wanangu hawainui hata macho. Leo nilimwuliza yule mdogo kama anaitaka, akasema, "Hapana, Papa, mupe yaya," yaani mkubwa wake.

Nilimpa mkubwa. Aliitia mfukoni na funguo za pikipiki.