Gemu ya CD Tatu

Tarehe kumi na saba Februari, siku ya Jumanne, tulimzika mdogo wangu, na pamoja naye tukazika Kiingereza chote kilichokuwa nyumbani kwetu.

Homa ilimpanda kichwani ikammaliza kwa siku nne. Sitaeleza zaidi ya hapo. Yeye alifika kidato cha nne, mimi niliishia darasa la saba. Tulikuwa na chumba cha gemu Ujiji, chumba cha mbele cha nyumba ya mama, chenye televisheni mbili na mashine mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mpira. Vijana walilipia nusu saa, wakataniana, wakaenda zao. Ya pili ilikuwa ya gemu za hadithi, zile za mapanga, majoka na wachawi, ambazo mchezaji anatembea na kundi lake kutoka mji hadi mji, anaongea na kila anayekutana naye, na maneno yanatokea chini ya kioo kwa maandishi ya Kiingereza. Mdogo wangu alishika pedi ya kuchezea na kuyatoa maneno hayo kwa Kiswahili, kwa sauti, kama wanavyofanya wale wanaotafsiri sinema kwenye mabanda ya video. Alimpa mfalme sauti nzito, na mchawi sauti ya puani. Watu waliketi kwenye mabenchi na kulipa shilingi hamsini kusikiliza tu. Wengi walikuwa watu wazima: washona nyavu, wachuuzi wa dagaa, fundi baiskeli mmoja. Asiyefika jana alimuuliza mwenzake njiani, "Wameshavuka mto?"

Baada ya matanga nilifungua tena. Mashine ya mpira ikaendelea kama kawaida. Ile ya pili niliiwasha siku moja tu. Yule shujaa wa mdogo wangu alikuwa amesimama mbele ya lango. Maneno yakatokea, nikabonyeza, yakatokea mengine, na chumba kizima hakuna aliyejua lango linataka nini. Fundi baiskeli akasema taratibu, "Zima, kaka. Zima tu." Nikazima.

Aliyeniambia mashine ile inaweza kuwaka tena ni mtu tuliyemwita Mwalimu. Alikuwa amefundisha shule ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, kabla ya vita. Miaka ile mkoa wetu ulijaa watu waliokimbia, Warundi na Wakongo, na sheria ilikuwa mkimbizi akae kambini. Mwalimu alitoka kambini na kibali cha siku saba kuja kutibiwa jicho. Siku saba zile zilikuwa zimepita zamani. Alishona nyavu kwa mtu, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na akalala hapohapo. Pale Ujiji mtu wa namna hiyo ana faida moja: wengi wetu babu zetu walitoka ng'ambo, na lafudhi yake haikumshangaza mtu. Lakini aliyekamatwa bila kibali alipandishwa gari akarudishwa kambini, na wengine walianzia rumande.

Siku moja alisimama mlangoni akiitazama ile televisheni iliyozimwa.

"Ingekuwa Kifaransa," alisema, "miye ningesoma."

Nilikuwa na shilingi elfu kumi. CD za kunakili zilikuja na meli kutoka Kalemie, ng'ambo ya ziwa, na muuzaji wake alikuwa Kigoma mjini, karibu na bandari. Gemu ya ngumi au ya magari inaingia kwenye CD moja, elfu tatu. Gemu ya hadithi ndefu inakaa kwenye CD tatu, na muuzaji hakuuza nusu. Kwa hiyo hela yangu ilitosha gemu tatu za kupigana au gemu moja ya hadithi.

Mwalimu mwenyewe alinishauri ninunue za kupigana. Alisema hivyo waziwazi, nami naandika hivyo waziwazi.

"Ngumi haina maneno," alisema. "Haiombi mutu wa kusoma. Miye leo niko hapa, kesho siko."

Nikamwambia nitaangalia. Lakini nilikuwa nimeshaamua. Nilitaka chumba kile kiwe na sauti tena. Aliliona hilo, akachukua kipande cha pakiti ya sigara, akaniandikia maneno mawili ya Kifaransa, la kuanza gemu na la kuendelea nayo. Nikiyaona kwenye kioo, nijue ndiyo yenyewe. Yeye kwenda mjini hakuweza. Bandarini kulikuwa na watu wa uhamiaji.

Muuzaji alikuwa na mfuko wa nailoni uliojaa CD, na majalada ya fotokopi yaliyofifia.

"Hii ina mapanga, ina majini, ina binti wa mfalme," alisema. "Unataka nini tena, kaka? Pilau?"

"Nataka ya Kifaransa."

"Joka halina Kifaransa. Joka ni joka."

Nilikataa kutoa hela kabla ya kuona. Akanipeleka kwa kinyozi wa jirani, mwenye televisheni na mashine ya kuchezesha wateja wanaosubiri, nikalipa mia mbili ya kujaribu. Kinyozi alikuwa anamnyoa mtu mmoja aliyefunikwa shuka jeupe kutoka shingoni hadi magotini.

CD ya kwanza ilileta maandishi ya Kijapani, kama nyayo za kuku kwenye matope. Ya pili ilileta herufi ninazozijua, nikalinganisha na karatasi yangu, hazikufanana. Mtu aliye kwenye kiti alikuwa ananitazama kwenye kioo cha kinyozi.

"Hiyo ni Kiingereza, kaka," alisema. "Ni gemu nzuri. Niliicheza nilipokuwa chuoni. Chukua hiyo."

"Sitaki ya Kiingereza."

"Kwa nini?"

"Hatuna wa kuisoma."

Muuzaji akaweka ya tatu. Picha ya mnara ikatokea, halafu maneno mawili. Niliinua karatasi hadi karibu na kioo cha televisheni. Herufi kwa herufi yalikuwa yaleyale. Nadhani nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu Februari.

"Kumbe unajua Kifaransa," alisema yule wa kwenye kiti.

"Mimi? Hapana."

"Sasa nani anajua?"

"Kuna mtu anatusomea."

"Wapi?"

"Kwetu Ujiji. Chumba cha gemu, karibu na soko."

Kinyozi akamaliza, akakung'uta nywele, akaondoa shuka. Chini yake kulikuwa na sare ya uhamiaji.

Alikuwa kijana mpole. Aliniambia amehamishiwa Kigoma miezi minne iliyopita, mke yuko Moshi, na jioni hana la kufanya. "Siku moja nitakuja kutazama hiyo gemu yenu," alisema. Akanipa mkono.

Nilipanda gari kurudi Ujiji na CD tatu kwenye mfuko wa shati. Nilipaswa kumwambia Mwalimu palepale nilipofika. Sikumwambia. Mabenchi yalikuwa yameshajaa, mtu alikuwa amepeleka habari, na Mwalimu alikuwa amekaa mbele ya televisheni akipangusa pedi kwa shati lake. Niliweka CD ya kwanza. Akaanza kusoma. Hakuwa na sauti nyingi kama mdogo wangu. Alisoma kama anayewasomea wanafunzi, polepole, akirudia jambo gumu, na watu wakanyamaza kuliko nilivyowahi kuwaona wamenyamaza. Malaika mmoja alipotokea na kuanza kudai malipo ya kuvusha watu daraja, mchuuzi mmoja akapaza sauti, "Mwalimu, huyo malaika mbona anapandisha bei kama muuza samaki wa migebuka?"

"Ile ni malaika ya huku kwetu," Mwalimu akajibu, na chumba kikaangua kicheko.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi pia sikusema. Nilisema Ijumaa asubuhi, nikiwa nimesimama, yeye ameketi chini na wavu miguuni.

"Ulimwambia nini kabisa?" aliuliza.

"Kwamba kuna mtu anatusomea. Kwamba ni Ujiji, karibu na soko."

"Jina langu?"

"Sikusema."

"Kwamba nimetoka ng'ambo?"

"Hakuuliza."

Alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Angeuliza, ungesema?"

Alinijua. Mimi sijui kudanganya. Watu huliita jambo hilo sifa, lakini kwangu ni kama mtu asiyejua kuogelea. Nikamwambia, "Sijui."

Hakunigombeza. Alisema Jumapili asubuhi kuna mtumbwi unaokwenda kijiji cha Ilagala, na huko ana mtu wa kwao anayevua. Ataondoka nao. Nilimwomba asije chumbani tena. Akasema amewaahidi watu kuwafikisha kwenye mnara, ndio mwisho wa CD ya kwanza, na Jumamosi mchana atawafikisha. "Mutu wa serikali hafanye kazi Jumamosi," alisema. Nikakubali. Tulikosea wote wawili, ila mimi ndiye niliyekuwa nimeuona uso wa yule mtu.

Jumamosi, kama saa tisa, walikuwa sokoni ndani ya gemu, wananunua vifaa kabla ya mnara, pale mlango ulipoingiza mwanga na mtu akainama kuingia. Alivaa fulana na suruali ya jinzi. Alinipa hamsini yake kama wengine, akatabasamu, akaketi benchi la mbele. Mle ndani ni mimi peke yangu niliyejua ni nani.

Mwalimu aliendelea kusoma. Mkono wangu ulikuwa karibu na soketi. Ningeweza kuvuta waya na kusema umeme umekatika, ulikuwa ukikatika kila wiki. Nililifikiria jambo hilo kwa muda mrefu kuliko inavyochukua kulifanya.

"Nunua huo upanga mkubwa," yule kijana alisema.

"Bosi, tulia," fundi baiskeli alimjibu. "Hela ni kidogo. Dawa kwanza."

"Dawa ya nini na upanga hamna?"

"Wewe umekuja leo. Sisi tumeshakufa mara tatu pale getini kwa kukosa dawa."

Watu wakacheka, naye akacheka. Akaomba pedi, Mwalimu akampa. Alicheza vizuri. Kila maneno yalipotokea alisubiri, na Mwalimu akasoma, na kwa dakika kadhaa nilianza kuamini kwamba alikuja kucheza tu. Mpaka leo naamini ndicho alichokuja kufanya.

Halafu akauliza bila kugeuza kichwa, "Mwalimu, Kifaransa hiki umejifunzia wapi?"

"Shuleni."

"Shule gani?"

Mwalimu akainamia maandishi kwenye kioo. Yule kijana akaweka pedi juu ya paja. Sasa aligeuka, lakini hakumtazama yeye, alinitazama mimi.

"Kaka, huyu ni nani wako?"

Watu wote kwenye mabenchi walinigeukia. Mshona nyavu, mwenyeji wa Mwalimu, alinikodolea macho akitikisa kichwa kidogo sana. Nilijua neno linalotakiwa. Lilikuwa neno moja, na nilikuwa nimelitumia kwa mtu mwingine maisha yangu yote hadi Februari. Nilifungua mdomo. Lile neno lilikuwa la mtu aliyelala makaburini, sikuweza kulitoa na kumvika mwingine.

"Ndiye anayetusomea," nilisema. "Tangu mdogo wangu afe."

"Nimeuliza ni nani wako."

"Si ndugu yangu. Ametoka ng'ambo."

Mtu mmoja nyuma alisema "Loo!" kwa sauti ya chini. Kwenye televisheni muziki wa soko uliendelea kuzunguka.

Yule kijana alipangusa uso kwa kiganja. Akamuuliza Mwalimu kama ana kibali. Mwalimu akasema alikuwa nacho. Yule kijana akamwambia avae viatu. Mwalimu akaomba kitu kimoja, afike palipo na kusevu, yaani kuhifadhi mchezo ulipofikia, kwa sababu watu wamelipa. Yule afisa akamrudishia pedi mwenyewe. Mwalimu akamtoa shujaa sokoni, akampeleka hadi kwenye kile kijiwe kinachong'aa, akasevu, akasubiri mpaka maandishi yatoweke. Kisha akavaa ndala.

Nje, yule kijana alinivuta pembeni. Alikuwa na hasira, na nilishangaa kwamba hasira ile ilikuwa juu yangu mimi, si juu ya Mwalimu.

"Kaka, ungesema ni wa kwenu, mimi ningecheza gemu yangu nikaondoka. Sasa umesema mbele ya watu ishirini. Unataka nifanyeje?"

Mwalimu alinipa mkono wa kuagana, akaniambia CD ya pili nisiiweke juani. Wakaenda kwa miguu kuelekea barabara kubwa, bega kwa bega, kama watu wanaofahamiana.

Nilirudi ndani kuwarudishia watu hamsini zao. Wengine walipokea. Mshona nyavu alitoka bila kunitazama, na hakurudi kuchukua yake.

Jumatatu asubuhi nilikwenda mjini, kwenye ofisi ya uhamiaji. Nilimbebea Mwalimu shati lake na dawa yake ya jicho, alivyoviacha kwenye chumba cha gemu. Yule kijana hakuwapo. Aliyekuwa mezani alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia gari la kambini limeondoka saa kumi na mbili, na kwamba vitu havipokelewi.

Nilirudi Ujiji na shati na dawa, nikavipeleka nyumba ya tatu. Mshona nyavu alivipokea mlangoni, akafunga.