Fundi Soksi na Mbao za Daktari

Naandika habari za shemeji yangu kwa sababu yeye mwenyewe hatasema, na waliomsemea wamesema uongo.

Ni mdogo wake marehemu mume wangu. Shule aliiacha mapema, akajifunza kuvisha makochi vitambaa, na mume wangu alipofungua karakana ya trela za maboti alimwita wafanye kazi pamoja. Mume wangu alichomelea vyuma. Shemeji akapewa mbao za kulalia. Hizo ni mbao mbili ndefu zilizovikwa zulia, ambazo tumbo la boti hulala juu yake likiwa barabarani. Zulia likichakaa, mbao hunyonya maji na kuoza kwenye matundu ya bolti, na boti huanza kukwaruzwa kama sufuria. Asiyejua huiona kazi ndogo. Shemeji ameifanya kazi hiyo ndogo miaka ishirini na tisa, mgongo wake ukiwa sakafuni.

Karakana iko uani kwetu, kwa hiyo nimemtazama mara nyingi kutoka dirisha la jikoni. Hung'oa zulia bovu, hukung'uta mchanga, kisha huichomachoma mbao kwa bisibisi kutafuta palipolainika. Vichwa vya bolti huvizamisha ndani ya mbao visichomoze. Zulia jipya huchagua lile lisilo na mpira mgongoni, ili maji yasituame, hulivuta mpaka likaze kama ngoma, na pini zote huzipiga upande wa chini. Juu, boti inapolala, hapigi hata moja.

Halafu huja kugonga mlango wa jikoni.

"Hodi, shemeji. Naomba soksi."

Nilifundisha miaka thelathini na miwili, na sikuwahi kuingia darasani bila soksi ndefu za nailoni. Zikichanika namwekea yeye, ndani ya kopo la biskuti. Huivaa mkononi kama glavu na kuipitisha juu ya zulia toka mwanzo hadi mwisho, taratibu, kama anayempapasa mgonjwa. Ikinasa mahali, hata kwa uzi mmoja, hubandua zulia lote na kuanza upya. Kila trela na soksi yake. Iliyokwisha kutumika haitumii tena. Anasema soksi yenye vumbi ni shahidi wa uongo.

Mtaa ulipogundua ukamwita Fundi Soksi. Hilo halikuniudhi. Kilichoniudhi ni muuza vipuri, aliyesema nikisikia, "Mjane na shemeji yake, mpaka soksi wanagawana!"

"Ningekugawia na wewe," nilimjibu, "ila kwako sijaona kazi inayostahili kupimwa."

Tangu siku hiyo ananiamkia kwanza.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwezi uliopita daktari wa meno, mwenye boti nyeupe ya faiba, alifika getini kwetu akifoka mpaka majirani wakachungulia. Tumbo la boti yake lilikuwa na mikwaruzo mirefu. "Mzee wenu kanichania boti!" alisema. Alikuwa ameshawaambia wenye maboti wenzake, na mlinzi wa yadi yao ya kuegesha maboti ameshaagizwa asimruhusu shemeji kuingia. Yadi ile ndiko kazi zetu zote zinakotoka.

Shemeji alisimama na kofia mkononi. "Samahani, daktari. Nitatengeneza."

Pembeni yake alisimama mwanangu wa kwanza, mwenye cheti cha ufundi kilichowekwa kwenye fremu, anayesimamia karakana tangu baba yake afariki. Alikuwa akiangalia simu. "Macho ya baba mdogo yamechoka, daktari," alisema. "Tutampumzisha."

Kumpumzisha! Mtu anayeona uzi mmoja ulionasa!

Niliingia ndani nikafungua kopo la biskuti. Trela ya daktari ilitoka uani kwetu Jumanne. Wiki ile nzima nilikuwa nyumbani na mafua, na hakuna aliyegonga mlango wangu kuomba soksi. Soksi za kopo zilikuwa zimetimia; trela ile haikupimwa. Kisha nikatia soksi moja mkobani, nikatoka; daktari alikuwa ameshaondoka. Nikawaambia shemeji na mwanangu, "Twendeni kwa daktari."

"Shemeji, tuyaache," alisema Fundi Soksi.

"Hatuyaachi."

Boti ilikuwa imeshushwa, trela iko tupu kwenye sementi. Nilimpa shemeji soksi, akaikataa. Nikaivaa mwenyewe, mbele ya daktari na mkewe, nikaipitisha juu ya zulia. Haikufika shubiri moja, ikanasa. Nikaivuta, ikachanika. Nikaipitisha mbele, ikanasa tena. Pini zilikuwa zimepigwa juu, safu nzima, na nyingine zimeinua vichwa vyenye kutu.

"Wewe ndiye bingwa wa meno, daktari," nilisema. "Haya ni meno. Shemeji yangu hajapiga pini juu ya mbao tangu wewe unanyonya."

"Basi nani kafanya?"

Shemeji akafungua mdomo. "Ni mi—"

"Usithubutu, shemeji." Nikamgeukia mwanangu. Simu ilikuwa imeingia mfukoni.

"Mama, mteja alikuwa na haraka. Kupiga pini chini lazima ulale sakafuni, unachafuka..."

"Ukaona afadhali umchafue baba yako mdogo."

Nikamwambia daktari, "Ni mwanangu. Ukitaja jina huko yadini, taja lake, na useme mama yake ndiye aliyekwambia."

Wifi zangu walinipigia simu jioni ileile. Ningeyasema ndani, walisema, nimeliaibisha jina la kaka yao. Kaka yao aliliandika jina lile kwa mkono wake juu ya mlango wa karakana. Hakuliandika ili mwanawe ajifiche nyuma ya mgongo wa mtu ambaye mgongo wake umeishia sakafuni kwa ajili yetu. Niliwaambia hivyo, nikakata simu.

Trela ilirudishwa uani. Mwanangu alilala chini ya trela siku mbili, shati jeupe likiwa la kahawia, na shemeji amekaa kwenye stuli akimtazama. Siku ya pili mlango wa jikoni uligongwa.

"Mama, naomba soksi."

Nilimpa. Shemeji akaivaa. Mbao ya kwanza ilipita kimya. Ya pili ikanasa karibu na mwisho.

"Baba mdogo, ni uzi mmoja tu!"

"Ng'oa, mwanangu," alisema shemeji, akampa koleo.

Aling'oa zulia lote. Alikuja kuomba soksi ya pili, na hiyo ikapita mbao zote mbili bila kunasa.

Juzi daktari alipiga simu, sauti laini kama anayetaka mtu afungue kinywa. Nikamuuliza kama amezungumza na mlinzi wa yadi. Akasema amekuwa na wagonjwa wengi.

"Lakini trela, mama, iko tayari?"

"Iko tayari tangu Ijumaa, daktari," nilimwambia. "Tunakusubiri wewe uzungumze na mlinzi."