Siku Niliposema Mzee Amelala

Jamani, hii habari nimeikalia muda mrefu, na hata sasa nikiisimulia uso unaniwaka, kwa sababu mtu mzima mimi, mwenye shahada tatu, mratibu wa utafiti shirikishi katika chuo cha Wajesuiti, ninayewafundisha vijana wa watu namna ya kuingia kijijini kwa adabu, nilimtangazia kifo mzee wa watu akiwa hai, tena ndani kwake, kitandani kwake, upande wa pili wa ukuta niliouegemea. Chekeni tu, nimeshazoea.

Ilikuwa Isansa, kule Mbozi, msimu wa kuvuna kahawa, ile miezi ambayo ukungu ukishuka humwoni mtu mpaka akufikie. Tulikuwa tunafanya kazi na kikundi cha akina mama wakulima wa kahawa, na mwenyekiti wao aliitwa Mama Tumaini. Kikao kilikuwa kifanyike darasani, shule ya msingi, mimi ndiye niliyekataa. Nikasema hapana, tukakae nyumbani kwa mwenyekiti, uwanjani, kwa watu wenyewe (nilikuwa nimewahubiria wanafunzi wangu jambo hilo muhula mzima, ningekaaje kwenye madawati?).

Tulipofika, Mama Tumaini akanivuta pembeni. Mumewe, Mzee Mwamlima, alikuwa anaumwa homa na kula hataki. Tena si homa peke yake. Alikuwa anamsubiri mtoto wao wa kiume, huyo Tumaini, anayefanya biashara Tunduma, kutwa kuvusha mizigo mpakani kwenda Nakonde, Zambia, na kurudi, na kila akipigiwa simu anasema "wikiendi hii, baba," na wikiendi inapita.

"Amesema hatii kitu mdomoni mpaka amwone mwanawe," akaniambia, na macho yalikuwa yamemvimba. "Leo ndiyo kapata usingizi kidogo. Naomba tuongee polepole, Dokta."

Nikamwambia hakuna shida, mama yangu. Sasa sisi kwa Wajesuiti kuna desturi ya kukaa kimya, kila mtu anafumba macho anaipitia siku yake mbele za Mungu, na mimi naipenda mno, wanafunzi wanajua. Nikaona badala ya kufungua kikao kwa nyimbo na makofi, tuanze na ukimya, tena mrefu, mzee apumzike. Ndivyo ilivyoanza, kwa huruma tu, hakuna ubaya wowote.

Ila hebu utazameni ule uwanja, maana siku ile mimi sikuutazama. Akina mama wamekaa chini kwenye mikeka, khanga vichwani kwa sababu ya baridi. Wanaume wamezunguka moto ambao wanafunzi wangu waliuwasha pembeni, wamejikunyata. Gari limeegeshwa kwenye uzio. Mimi naitwa Dokta na kila mtu, na hakuna aliyewaambia kwamba udokta wangu ni wa vitabu, wala mimi mwenyewe sikusema (ninapenda kuitwa hivyo, nitafanyaje). Na wote tumeinamisha vichwa, kimya, kwenye nyumba ambayo kijiji kizima kinajua ina mgonjwa.

Nikafumba macho. Mara nikaanza kusikia nyayo. Watu wanatembea kwenye majani makavu ya migomba, taratibu, wengi, na hakuna hata mmoja anayebisha hodi. Nikafumbua jicho moja nikaona mikeka imejaa. Akina mama nisiowajua walikuwa wanatokea kwenye ukungu, mmoja mmoja, wanakaa, wanainamisha vichwa. Kwenye moto nako wanaume walikuwa wameongezeka. Mnajua nilifikiri nini? Nilifikiri ni mwitikio! Nikajisemea, huu ndio ushirikishwaji, ngoja niurefushe huu ukimya. Nikaurefusha kweli.

Jirani mmoja, Mama Lusajo, akaja na mzigo wa kuni kichwani, akautua bila kutoa sauti, akanisogelea akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Poleni," akaninong'oneza.

"Asante, tumeshapoa," nikajibu, maana nilijua ananipa pole ya safari.

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Kama saa nane hivi." (Si ndiyo saa tuliyofika!)

Akatikisa kichwa, akautazama mlango. "Kwa hiyo mzee..."

"Mzee amelala," nikasema, na nikaona niongeze kumtoa wasiwasi. "Amelala vizuri kabisa, hakusumbuka. Tusipige kelele."

Mimi hapo naongelea usingizi. Akajifunga khanga kiunoni, akaenda kwa wenzake, na nikamwona anatoa simu anaelekea nyuma ya mti wa parachichi. Hata hilo halikunishtua.

Halafu wimbo ukaanza. Sijui nani aliuanzisha. Ulikuwa wa Kinyiha, mdomo umefungwa nusu, ukitokea upande ambao ukungu ulikuwa mzito na watu huwaoni, na mimi Kinyiha sikijui, lakini wimbo wa kuzika hauhitaji mkalimani. Wakati huo Mama Tumaini alikuwa nyuma, jikoni, anatengeneza chai. Akatokea na sinia. Akasimama. Akautazama uwanja wake umejaa watu wa msiba, akawatazama wanaume kwenye moto, akanitazama mimi.

"Nimemwacha sasa hivi," akasema. "Sasa hivi tu!"

Sinia likaanguka, akakimbilia ndani.

Sasa kumbe mzee alikuwa ameshaamka. Ameamka, anasikia watu wanamwimbia dirishani, anasikia jina lake likitajwa kwa huzuni, akajilaza vilevile, macho wazi, anatazama dari. Mkewe akamwita asiitike. Akamtikisa, asiitike. Mama wa watu akapiga ukelele ambao sitausahau, na uwanja mzima ukalipuka kwa kilio. Na mimi nikalia! Nawaambia ukweli, nililia kwa sauti, nikaamini kwamba mzee kafa, mimi ambaye uongo huo ulitoka kinywani mwangu. Wanafunzi wangu nao wakalia kwa kuona mwalimu wao analia.

Nikaingia ndani nimshike Mama Tumaini. Chumba kilikuwa na giza na harufu ya dawa ya kuchua. Nilikuwa nimevaa ile fulana nyeupe ya chuo na suruali nyeupe (msiniulize nani huvaa nyeupe kwenda shambani). Mzee akageuza macho peke yake, kichwa kimetulia, akaniangalia toka juu mpaka chini, akaniuliza kwa sauti ya taratibu kabisa:

"Na wewe umekufa lini?"

Nikakaa chini pale pale. Mama Tumaini akamrukia, akamshika uso, akampapasa mikono, huku anacheka na kulia pamoja, "Uko hai, baba Tumaini, uko hai!" Ilichukua muda mzee kukubali. Alisema mbona wote wanalia, watu wote hao wanawezaje kukosea. Nikapiga magoti nikaeleza kila kitu, ukimya, pole ya safari, kulala, mpaka jasho likanitoka kwenye baridi ile.

Mama Lusajo aliyekuwa mlangoni akasikia, akashika mdomo. "Mungu wangu! Na mimi nimeshampigia Tumaini. Analia njiani huko, nimpigie nimwambie?"

Mzee akanyanyua mkono.

"Acha aje."

"Baba Tumaini!" mkewe akamaka.

"Nimesema acha aje. Na nyie rudini mkakae kama mlivyokuwa mmekaa."

Mtampingaje mtu kwenye msiba wake? Tukatoka, habari ikanong'onezwa mkeka kwa mkeka, na ajabu ni kwamba hakuna aliyecheka wala aliyeondoka. Tulikaa. Kijiji kizima, na wasomi wa chuo kikuu, tumeinamisha vichwa kwa ajili ya marehemu ambaye tulimsikia akikohoa ndani. Nilikuwa nataka ardhi ipasuke. Kila alipokohoa tulitazamana, kisha tukainama tena.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama tuliposikia bodaboda inapanda kilima na sauti ya mwanaume inaita, "Baba! Baba!" Tumaini akashuka kabla pikipiki haijasimama, akaanguka, akainuka, akapita katikati yetu bila kutuona, uso umejaa machozi na vumbi, akaingia ndani. Uwanja mzima ukatega sikio. Tukasikia sauti ya mzee, haina hasira hata kidogo.

"Kumbe njia unaijua."

Halafu kukawa kimya kirefu, na mimi ndiye mwalimu wa ukimya, lakini ule sikuuweza, nikaziba masikio. Kilichofuata ni kijana wa watu kulia upya, tofauti na kule kulia kwa njiani, na mzee anamwambia mkewe alete ugali, wale wote wawili.

Baadaye Mama Tumaini akipita na sahani tupu kwenda jikoni nikamzuia nimwombe radhi. Hakunifokea, bora angenifokea.

"Amekula, Dokta, nashukuru," akasema. "Lakini nilimwacha mzima, nikawaona mmekaa vile, nikaamini. Nimeshakuwa mjane leo. Hicho sijui nakitoa vipi."

Siku hizi nikienda kijijini, kabla sijamwambia mtu afumbe macho, nawatuma wanafunzi wapite nyumba za jirani waseme hakuna aliyefariki, ni chuo tu. Na nikiulizwa habari za mgonjwa, neno kulala silitamki, nasema anakoroma, hata kama hakoromi. Isansa bado tunakwenda, kikundi kinaendelea, mzee anatembea kwa fimbo na Tumaini anakuja kila mwezi. Mama Tumaini anatupokea vizuri sana, kwa chai na magimbi, ila akisikia gari letu linapanda kilima, kwanza anaingia ndani kumgusa mumewe, ndipo anatoka kutusalimia.