Nilivyomketisha Were Benchi Moja na Mama Mkwe

Jumanne asubuhi nilipigiwa simu nikaambiwa nimevunja ndoa ya mtu kwa penseli.

Sikucheka. Aliyepiga ni Were, jamaa anauzanga viatu vya mtumba hapa Kakamega mjini, na alikuwa analia.

"Osiako, umenimaliza. Umenichora nimeketi na mama mkwe."

Ngoja nieleze. Mimi huchora watu wa barabarani, fasta fasta, halafu naposti Facebook. Shida ni kwamba watu hawatulii. Unachora huyu, akienda unamwongeza mwenye amekuja nyuma yake.

Were alikula mahindi choma kwa benchi ya stendi, akaenda zake. Baadaye mama fulani akakuja na kuku wake, akaketi. Nikamchora hapo hapo kando ya Were. Karatasi ni ghali, jameni.

Sasa ningejuaje ni mama mkwe wake? Kwetu hao wawili hawapeani hata mkono, sembuse kukalia benchi moja.

Picha ikafika Malava, nyumbani kwa huyo mama, kwa simu za watu. Mama alikataa kwamba aliketi naye, lakini wazee wa boma wakamwambia picha haidanganyi. Navalayo, bibi ya Were, alikuwa ameenda kuwasalimia. Wakamzuia huko mpaka hiyo aibu ielezwe.

"Utakuja ueleze wewe mwenyewe," Were akasema.

Nilienda na picha yenyewe. Wazee walikuwa wameketi uani. Were alisimama mbali, karibu na choo. Mama alikuwa ndani, anasikiliza dirishani.

Nikaeleza yote. Mzee mmoja akaniangalia sana.

"Kwa hivyo wewe ni mwongo wa karatasi."

"Ndiyo, mzee."

"Leteni hiyo picha," mama akasema. Nikaipitisha dirishani, roho mkononi.

Halafu tukasikia anacheka.

"Hii miaka yote namkwepa, sijawahi kumwangalia usoni. Kumbe ni kijana mzuri hivi? Na vile nimekuwa nikisema Navalayo alimchagua gizani, stima ikiwa imepotea."

Navalayo akaenda kufunga mizigo yake. Were alifurahi mpaka akaketi chini kwa matope.

Lakini heshima ni heshima. Mama aliikunja picha katikati, akaitundika sebuleni. Yeye anaangalia wageni. Were anaangalia ukuta.

Funzo ni moja tu: kabla hujaketisha watu benchi moja, uliza kwanza nani ameoa kwa nani.