Fundi Aliyekataa Chai Yangu

Hii kitu ilinifanyikia mimi, hapa kwangu Mutuini, mchana, na nilikuwa nimevaa miwani. Kama unataka kusema cucu, nyanya mzee kama mimi, aliota, sema sasa tumalizane, ndio niendelee.

Mimi shule niliiacha mapema, lakini mjukuu wangu anajua kompyuta mpaka zinamwogopa. Namwita Wajina, kwa sababu aliitwa mimi. Kwetu ndivyo tunafanya, msichana wa kwanza anachukua jina ya mama ya baba yake, kwa hivyo yeye ni mimi na mimi ni yeye. Jina yenyewe sitaitaja. Utajua kwa nini.

Siku hiyo Wajina alileta seva. Wewe unajua seva? Ni kompyuta, lakini pana na nzito kama sanduku ya mtoto anaenda shule ya kulala, na haina hata kioo. Ofisi fulani ya Westlands ilikuwa inahama wakaitupa, yeye akaipenda. Alikuwa amekodi kachumba huko Riruta, watoto wa hapo wawe wanakuja kusoma masomo kwa mashini, na bila hiyo seva hiyo ndoto yake imeisha. Ilikuwa inataka kuongezewa kadi mbili. Kadi ni kale kabao ka kijani kako na meno ya dhahabu upande mmoja, unakadunga ndani kwa nafasi yake kama mkate kwa tosta. Sasa akaiweka wapi hiyo seva? Kwa meza yangu, juu ya kitambaa yangu nyeupe ya wageni.

Akafungua mfuniko. Woi. Mimi nimeosha matumbo ya mbuzi, nimebadilisha watoto nepi nikikula, lakini hiyo sikuwa nimeona. Vumbi ilikuwa imelala huko ndani kama blanketi ya kijivu, imeshikana na mafuta. Kulikuwa na nywele za watu, zingine ndefu, zimejisokota kwa feni. Mende wakavu. Mjusi mmoja amekauka na mdomo wazi. Na harufu, sijui nikuambie nini, ni kama kofia ya mzee imechemshwa.

Nikamwambia aoshe hiyo takataka kwanza. Akacheka. "Cucu, kompyuta haioshwi bana. Napuliza tu."

Kabla hata apulize, chuma ikamkata kidole. Damu ikadondoka ndani kwa ile vumbi, na vumbi ikainywa hivyo nikiona. Kadi ya kwanza iliingia sawa. Ya pili ikakataa, meno yake ni mengi na mdomo ya ile nafasi ni ndogo, hawa wazee wa mashini hawakutengenezewa vitu za siku hizi. Wajina akapigia rafiki yake, fundi wa Riruta, akasema ako njiani. Mvua ikaanza, stima ikapotea, vile hupotea. Tukaketi tu tukingoja, mimi nikinusa tumbaku yangu.

Haikukaa sana, mtu akabisha. Mwanaume wa makamo, tai, shati imepigwa pasi. Akasema tumemwita kwa sababu ya mashini. Mimi nikajua ni yule fundi. Nikamsalimia kwa mkono, na ule mkono ulikuwa baridi, laini, unateleza, kama matumbo kabla hujaitia kwa sufuria. Nikajipangusa kwa leso pole pole asione.

Halafu nikaona viatu. Unajua matope ya Mutuini kukinyesha? Ile nyekundu, inakufuata mpaka kitandani. Viatu za huyu zilikuwa zinang'aa.

Nikamwekea chai. Akasema asante, yeye atakula hapo kwa kazi. Sasa niambie, fundi gani wa Nairobi anakataa chai na kunanyesha? Ningeshtuka hapo.

Akainamia seva, akachota vumbi na kidole, akaweka kwa mdomo. Nikadhani nimeona vibaya. Akachota tena, tonge sasa, akaifinyanga kama ugali. Alikuwa anatafuna amefunga macho. "Huyu alikuwa anajipaka mafuta ya waridi," akasema. Akavuta nywele kutoka kwa feni, ndefu, akaimeza ikiteleza kama spageti. "Huyu alikuwa analia chooni." Mende alitafuna na kelele. Mjusi alimlamba tu akamrudisha, sijui alikuwa anamwekea baadaye. Akatuambia hao wa vumbi ndio watu wake. Yeye ndiye alikuwa anachunga hii mashini kwa chumba yao ya baridi huko Westlands, akafia hapo kwa kiti, na wakahama wakamwacha.



Nikageukia Wajina tutoroke. Alikuwa amesimama kama mtu analala macho wazi, mkono wenye kidonda umenyooka, unaenda kwa ile nafasi tupu. Na seva ikaanza kunguruma, feni zote. Stima hakuna. Waya yenyewe ilikuwa imekunjwa kwa kochi.

Huyo mtu akafika penye damu. Akailamba, akatabasamu, na meno yake ni ya dhahabu, nyembamba, imepangana kama ya kadi.

"Hii ni mbichi," akasema. "Nipeni jina ya mwenyewe. Nimweke hapa, tukae wote."

Mamangu alinifundisha jina ya mtoto haipatiwi mtu humjui. Lakini niliona nikinyamaza atamuuliza Wajina, na midomo ya Wajina ilikuwa imeanza kufunguka. Wewe ungefanya nini? Nikataja jina, nikasema ni yangu. Na sikudanganya.

"Basi leta mkono, mama."

Nikampa. Akatia kidole yangu kwa mdomo wake mpaka ndani kabisa. Ulimi ulikuwa mkavu, unakwaruza, na vumbi imejaa chini yake. Lakini hicho kidole ndicho huchotea tumbaku, tangu nikiwa msichana.

Macho yakamtoka. Akapiga chafya, halafu akatapika, yote, kwa kitambaa yangu nyeupe. Mende, manywele, kucha za watu sijui, mchuzi ya kijivu ikitingika. Akaniangalia vile mtu huangalia choo ya soko.

"Umeoza, mama," akasema.

Mimi ndio nimeoza! Na yeye ametoka kula mende.

Akatoka kwa mvua. Nilichungulia, hakuna alama hata moja kwa matope. Seva ikanyamaza. Wajina akaketi, akauliza kama chai imebaki.

Fundi wa ukweli alikuja baadaye, matope mpaka kwa magoti, akamaliza chai yote ya thamosi. Nilifurahi nikakaribia kumbusu. Akachungulia ndani ya seva. "Cucu, nani aliingiza hii kadi ya pili? Haiwezi ingia hapa." Lakini ilikuwa ndani, na mimi sikuona ikidungwa. Akaivuta, ikakataa kama jino ya mtu mzima. Stima iliporudi wakaiwasha, ikafanya kazi. Mpaka leo watoto wa Riruta wanaisomea. Wajina hakumbuki kitu. Kitambaa sikuosha, nilichoma.

Kucha ya hicho kidole ilitoka siku hiyo na haijamea tena, njoo nikuonyeshe. Hiyo hainisumbui, ni kazi ya kukata imepungua. Kile kinanisumbua ni kingine. Mimi hiyo chumba ya Riruta sijawahi kanyaga. Lakini kila wakati Wajina anafungua seva apulize vumbi, anapata nywele nyeupe imejisokota kwa feni, inanuka tumbaku. Ananiletea kwa gazeti, anauliza, "Cucu, ulikuja lini?" Nachoma. Na ikiungua, kichwa yangu inapata moto chini ya kilemba.

Kwa hivyo ukiokota mashini mzee, itoe uchafu kabla uingize mkono. Fundi akikataa chai, angalia viatu. Na akiuliza jina, usimpe ya mtoto, usimpe ya jirani. Yako pia usimpe. Mimi nilimpa yangu, na ona, bado ananimeza pole pole.